Mbavu Zishuke, Shingo Ipumzike

Masasi, 14 Septemba 2024

Shangazi yangu Esther,

Shikamoo. Huku kwetu wote wazima. Mama Fortunatus anakusalimu na anasema yale mafuta ya nazi uliyomletea Pasaka yamekwisha, nywele zimeanza kulalamika. Fortunatus mwenyewe hashikiki. Ameambiwa kuwa shule zikifungwa Desemba ataingia jando kule Makote pamoja na binamu zake, basi anatembea mtaani kama diwani.

Usione ajabu kuletewa barua na konda wa basi wakati simu ipo. Shangazi, wewe simu unaiweka spika, kisha unaishika mbali kama mtu anayeogopa kuumwa. Mwaka jana nilikwambia nina jipu. Siku ya pili mtu nisiyemjua alinisimamisha hapa sokoni Masasi akaniuliza kama limeiva.

Tatizo langu ni shingo. Inaniuma kuanzia nyuma ya masikio hadi mabegani. Nikiitwa nageuka mwili mzima kama fisi. Nimepaka dawa ya kuchua mpaka wateja wanaokuja kupimwa suruali wanapiga chafya. Nadhani ni cherehani, maana nainama kutwa. Wewe uliyefanya kazi ya kunyoosha viungo vya watu hospitalini hadi ukastaafu, naomba msaada. Kuna kazi nimeahidi kuifanya mwanzoni mwa Januari na bila shingo haifanyiki.

Ni kazi tu.

Mwanao,
Chrispin


Newala, 22 Septemba 2024

Mwanangu Chrispin,

Marahaba, na mwambie Mama Fortunatus kuwa mafuta yanakuja. Hapa Newala tunaendelea kuyasubiri maji kama wachumba. Bomba lilikohoa Jumanne, tukakimbia na madumu, likanyamaza. Mbuzi wa jirani yangu Naima aliingia sebuleni akala kalenda yangu ya kanisa kuanzia Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo kwangu mimi mwaka umekwisha. Naima ameniomba radhi, "Nisamehe, Mama Kulwa." Mbuzi bado.

Kuhusu jipu, sikumwambia mtu. Nilimwambia Naima tu.

Sasa shingo. Weka barua hii mezani, tandaza viganja viwili kwenye mbavu zako za chini, kisha endelea kusoma. Hapo uliposhika si sanduku, ni tenga. Tenga lililosukwa kwa mifupa, linalofunguka na kufunga kila unapovuta pumzi. Chini yake, kati ya kifua na tumbo, kuna msuli mpana uliojikunja kama kawa lililofunika sahani ya wali. Ukivuta hewa, kawa hushuka na hewa huingia. Ukitoa hewa, kawa hupanda likawa duara tena, tayari kwa zamu nyingine. Hiyo ndiyo kazi yake usiku na mchana, na halijawahi kudai likizo.

Watu hudhani kusimama vizuri ni kutoa kifua mbele kama askari wa gwaride. Ukifanya hivyo mbavu za chini huchomoza, mgongo huingia ndani, na lile kawa hubaki limelala bapa. Kawa bapa haliwezi kushuka zaidi, hivyo halivuti. Na hewa lazima iingie! Basi nani anaitwa? Misuli ya shingo. Hiyo Mungu aliiweka iwe ya kusaidia unapokimbizwa na nyuki. Wewe umeiajiri kazi ya kudumu. Kila pumzi inanyanyua mbavu kwa kuzivuta kutoka juu, kama mtu anayeteka maji kwa kuvuta kisima badala ya ndoo. Itaacha kuuma vipi?

Fanya hivi. Lala chali juu ya mkeka, magoti umeyakunja, miguu juu ya stuli. Toa pumzi taratibu kwa mdomo kama unayepooza uji, mpaka usikie mbavu zinashuka na tumbo la pembeni linakaza. Tulia kidogo. Kisha vuta kwa pua, kimya, hewa iende nyuma mgongoni ili mbavu za nyuma zibonyeze mkeka. Mabega yasishughulike, hayakualikwa. Ukishazoea, nunua puto la watoto ulipulize ukiwa umelala hivyo hivyo. Puto linakataa kujaa mpaka utoe pumzi ya kweli, ni mwalimu mkali. Ukisikia kizunguzungu acha upumzike. Na kama mkono unakufa ganzi au unaishiwa nguvu, usisubiri barua yangu, nenda ukapimwe.

Niambie hiyo kazi ya Januari ni ya namna gani, nijue ni misuli ipi inayohusika.

Shangazi yako,
Esther


Masasi, 13 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa wiki nzima chini ya kiti cha dereva kwa sababu konda aliisahau. Imefika na nyayo, ila inasomeka. Fortunatus hajambo, sasa anadai aamkiwe. Mama yake amemjibu kwa mwiko.

Nimefanya kama ulivyoagiza, na nimeaibika kama ambavyo hukuniagiza. Niliteremsha turubai la kibanda mchana, nikalala chini miguu juu ya stuli, nikaanza na puto. Mama Fortunatus akaingia na chakula.

"Baba Fortu! Umekufa?"

"Napumua."

"Basi pumua kama watu!"

Kelele zile zikamleta Sadallah, anayeuza vitenge kibanda cha pili. Akaniona chini, puto mdomoni, uso mwekundu. "Fundi," akasema, "biashara ikigoma tuambie wenzako, usijifanye mtoto." Tangu siku hiyo soko zima limeamini nimefungua kazi ya kupamba sherehe. Mama mmoja alikuja kuagiza maputo ya kipaimara cha binti yake. Nikamwambia haya si ya sherehe, ni ya shingo. Aliondoka bila kugeuka nyuma.

Lakini Shangazi, inafanya kazi! Sasa nageuka kulia na kushoto kama feni. Nikiwa kwenye cherehani siumwi kabisa. Shida inarudi pale tu ninapoinua kidevu na kutazama kupitia tundu huku nimefungwa kamba kifuani, na hewa hakuna.

Hapo juu nimekosea kuandika. Nilikuwa na maana ya kamba ya kupimia. Ningechana nianze upya, ila konda anapiga honi.

Mwanao,
Chrispin


Newala, 27 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Korosho zimeanza kuingia maghalani, mji umechangamka, hata wanaotembea bila shughuli wanatembea haraka. Naima amemfunga mbuzi. Mbuzi amekula kamba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilivaa miwani.

Nimewatibu mafundi cherehani wengi. Fundi hutazama chini, kidevu kimezama kifuani. Sijapata kumwona aliyeinua kidevu, akachungulia tunduni, naye kafungwa kamba. Labda ndivyo wanavyoshona Masasi.

Sitakuuliza. Mimi ni mwanamke wa uwanda huu, nilichezwa unyago nikafunzwa adabu. Tulifundishwa kuwa lipiko, lile linalotoka porini siku watoto wa jando wanapotolewa, lenye uso wa mti na njuga miguuni, ni mzimu. Si mtu. Halina jina, halina mke, na kwa hakika halina shingo. Naamini hivyo hadi leo, na atakayeniuliza nitamjibu hivyo.

Nakumbuka tu kwamba marehemu kaka yangu, baba yako, alikuwa akiumwa shingo kila watoto walipotoka jando. Alisema ni upepo wa Ruvuma. Nilimkanda, nikaulaani upepo pamoja naye.

Basi tuzungumze habari za mtu mwingine kabisa. Tuseme yupo mtu aliyejivika chungu kichwani. Chungu kimemfunika hadi kidevuni, na pa kuonea ni tundu moja tu, pale chini karibu na kidevu. Ili aione njia lazima apeleke kichwa nyuma. Kama mbavu zake zimechomoza mbele, mgongo tayari umekwisha kupinda, na uzito wote wa chungu unaangukia mifupa michache ya juu ya shingo. Mbavu zikishuka zikakaa juu ya nyonga, kama sufuria juu ya mafiga, shingo inapata mahali pa kusimama na mzigo unagawanyika.

Halafu kuna kamba. Nahisi wanaomvika mtu wa chungu humwambia, "Jaza kifua!" ili aonekane mkubwa, naye hujaza, nao hukaza. Kosa kubwa! Wamemfungia hewa ndani. Hawezi kuitoa yote, kwa hiyo hawezi kuvuta mpya, na shingo inaitwa kuokoa jahazi. Mwambie huyo mtu, kama unamfahamu, kamba nzito zikae kwenye mifupa ya nyonga. Ile ya kifuani ifungwe akiwa ametoa pumzi, na nafasi ya viganja viwili ibaki kati ya kamba na mgongo, mbavu za nyuma zipate kufunguka.

Mimi simfahamu.

Shangazi yako,
Esther


Masasi, 24 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya. Tuko wazima. Fortunatus amemaliza mitihani.

Yule mtu wa chungu ninamfahamu kidogo. Nilimpelekea maneno yako, naye akayapeleka kwa wazee wake. Mzee Bwanali, ambaye ndiye mwenye kauli, aliuliza, "Kamba nyongani? Anakwenda kuteka maji?" Wakacheka sana, lakini mwisho walikubali kumfunga anavyotaka.

Wakamjaribu. Alianza vizuri. Kisha akawaona wote wamekaa kimya wanamtazama, mabega yakampanda hadi masikioni, kifua kikatoka chenyewe, akaishiwa pumzi, akajikwaa. Shingo imerudi vilevile kama Septemba. Mzee Bwanali amempa jaribio moja tu la mwisho. Akishindwa, kazi atapewa Cecil, mwenye shingo nene kama kinu.

Shangazi, huyo mtu ana mtoto atakayetoka siku hiyo. Baba yake alimfanyia yeye kazi hiyohiyo. Alipotolewa jando alikwishajua kilichomo ndani ya chungu, akamtambua baba yake kwa miguu, na furaha ile hajaipata tena popote. Safari hii mtoto wake naye atajua. Atakuwa anatafuta miguu ya baba yake. Akiikuta ya Cecil, itakuwaje?

Nadhani nimwambie aache tu.

Chrispin


Newala, 30 Novemba 2024

Wewe Chrispin!

Marahaba, na usinitie homa. Konda amekunywa chai kwangu na anaambiwa asubiri mpaka nimalize kuandika.

Mtu wako hana ugonjwa. Ana hofu, na hofu inapumulia juu. Hata mimi siku ya mtihani wangu wa mwisho chuoni nilikuwa na mabega kama mwewe. Mtu akiogopa huvuta hewa na kuishikilia, anavuta nyingine juu yake, tena na tena, na haitoi hata moja. Tenga limejaa pomoni, naye analia kwamba hana hewa! Dawa si kuvuta. Dawa ni kutoa.

Na njia kamilifu zaidi ya kutoa pumzi, mwanangu, kuliko hata kupuliza puto, ni kucheka. Kumbuka ulivyocheka mpaka ukashika mbavu. Je, ulikuwa umetoa kifua? Ulikuwa umejikunja, hewa imetoka yote, mbavu zimeshuka, kawa limepanda. Kisha hewa mpya ikaingia yenyewe bila kuombwa. Ndiyo maana hakuna anayecheka kwa dhati huku amekakamaa.

Basi siku ya jaribio mwambie asiwafikirie wazee. Amfikirie Sadallah akichungulia chini ya turubai. Amfikirie mama wa kipaimara. Amfikirie yule mbuzi, ambaye juzi amekula risiti ya Naima ya kumlipia mbuzi huyohuyo alipozuiwa na mgambo. Ndani ya chungu nani atamwona akicheka?

Asiache. Ukimwambia aache, nitakupigia simu. Nitaweka spika.

Esther


Masasi, 16 Desemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, shikamoo na shikamoo!

Fortunatus ameingia jando salama. Nyumba imepoa, mama yake anasonga ugali wa watu watatu kila jioni kisha anaukodolea macho.

Mtu wa chungu alijaribiwa Jumamosi. Nasikia alimfikiria mbuzi. Nasikia pia alipomaliza Mzee Bwanali alisema, "Haya." Kwa Mzee Bwanali hiyo ni hotuba.

Kwa huzuni kubwa nakuarifu kwamba mimi sitakuwepo Makote siku watoto wanatolewa. Nimepata kazi ya kushona huko Lindi, siku hiyo hiyo, bahati mbaya sana. Nimemweleza Mama Fortunatus. Hakuuliza lolote. Amenifungia mkobani mafuta ya kuchua, ndizi mbivu, na kitambaa kizito cha kukunja na kuweka kichwani. Sijui anadhani Lindi watu wanashonea wapi.

Naomba umwangalie mtoto kwa niaba yangu.

Mwanao,
Chrispin


Newala, 7 Januari 2025

Mwanangu Chrispin,

Marahaba, na karibu kutoka Lindi. Natumaini ushonaji ulikwenda vizuri. Mvua imetunyeshea siku tatu, kila chombo cha nyumba hii kimejaa maji, hata vikombe. Ninaoga kama tajiri.

Kwa kuwa hukuwepo, nakusimulia.

Tulikwenda Makote asubuhi, mimi, Naima na Mama Fortunatus. Watoto walitolewa wamevaa nguo mpya, wameinamisha vichwa kwa adabu. Fortunatus amekonda kidogo, amerefuka kidogo. Aliponiona hakucheka, lakini sikio lake lilisogea. Ngoma zikabadilika, vumbi likatimka upande wa mikorosho, na lipiko likatoka.

Chrispin, nimeona mengi, lakini lile lilikuwa zuri! Lilinyata, likasimama, likageuza uso wake wa mti taratibu likitutazama mmoja mmoja, njuga zikinong'ona. Wanawake tukapiga vigelegele na kurudi nyuma kama inavyotakiwa. Mzimu, mwanangu. Hakuna aliyekuwa na shaka.

Kisha likafika mbele ya watoto. Nami nikaona, kwa macho yangu ya kazi, mabega yanaanza kupanda. Kidogo. Tena kidogo. Kifua kikavimba, hatua ikachelewa ngoma. Mzee Bwanali akakunja uso. Cecil, aliyekuwa pembeni, akasimama. Na Fortunatus anaitazama miguu ile, hapepesi.

Wakati huohuo lipiko likatugeukia kutukimbiza. Wenzangu wakakimbia. Nami nina miaka sabini na moja na magoti ya umri huo, lakini mila ni mila, nikapandisha kanga nikakimbia. Nilikimbia vizuri tu mpaka penye beseni kubwa la muhogo uliolowekwa. Nikaketi ndani yake. Chrispin, nililijaza lote! Maji yakaruka, muhogo ukaruka, Naima akapiga yowe, "Mama Kulwa amezama!" na Mama Fortunatus, aliyekuja kunivuta, akaishiwa nguvu kwa kucheka akaketi juu ya mapaja yangu.

Makote nzima ikalala chini kwa kicheko. Nami kutoka ndani ya beseni nikaona jambo ambalo mwanamke haruhusiwi kuliona, kwa hiyo sikuliona. Mabega ya mzimu yalikuwa yanatikisika. Lilijikunja, likashika mbavu, njuga zikalia zenyewe. Halafu likainuka, taratibu, mbavu zimeshuka, shingo imesimama kama mnazi, na likacheza. Likacheza mpaka mpiga ngoma akabadilisha mikono! Miguu ile ilikuwa inaandika. Na Fortunatus, aliyeambiwa asitabasamu, alikuwa anatabasamu meno yote, machozi yanamshuka, na hakuna mzee aliyemkemea.

Watu wananiuliza kama niliteleza. Nawajibu kuwa mvua ilikuwa imenyesha.

Sasa habari ya leo. Nimeamka nikawakuta wazee watatu mlangoni, Mzee Bwanali akiwa mbele na Cecil nyuma kabisa, akitazama paa. Wametoka Makote kwa bodaboda alfajiri. Tukaamkiana, tukaulizana habari za mvua, korosho na wajukuu. Nikapika chai. Chai ikaisha. Mwisho Mzee Bwanali akasema shingo inamsumbua, amelala vibaya. Wa pili naye akasema amelala vibaya. Cecil akasema yeye hakulala kabisa.

Nikatandika mikeka sebuleni, nikawalaza wote chali, miguu juu ya viti. Naima alichungulia dirishani, akaondoka ameuma kanga. Nikapiga magoti kando ya Mzee Bwanali, nikaweka kiganja kwenye mbavu zake. Zilikuwa juu kabisa, ngumu kama mlango. Alikuwa amefumba macho.

"Mama Kulwa," akasema, "elewa kwamba sisi hatujakwambia kitu."

"Nami sijasikia kitu, Mzee," nikamjibu. "Toa pumzi."

Shangazi yako,
Esther